Kanuni za utawala bora za CMA Kenya: zana nzuri, kiwango cha chini

Hati hii ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), inayoeleza jinsi bodi za kampuni zinavyopaswa kuendeshwa, ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali Machi 2016, ikachukua nafasi ya mwongozo wa 2002. Ndiyo kipimo cha kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na mwenye hisa asiye mwanasheria anaweza kuisoma akaielewa.

Misingi imeiweka sawa. Wajumbe walio wengi wa bodi wasiwe watendaji wa kampuni, mwenyekiti asiwe mtendaji mkuu, na angalau theluthi ya bodi wawe wakurugenzi huru, yaani wasio na uhusiano na kampuni au wakubwa wake unaoweza kuwapotosha uamuzi. Kifungu bora kuliko vyote ni cha muda: mkurugenzi huru akitimiza jumla ya miaka 9 anaweza kubaki kwenye bodi, ila hahesabiwi tena kuwa huru. Basi ukifungua taarifa ya mwaka, anza na tarehe za uteuzi. Picha na wasifu vitasubiri.

Chukua bodi ya watu 9 yenye wakurugenzi huru 3. Theluthi imetimia, lakini hakuna akiba. Mmoja akifikisha miaka 9 bila mrithi, wanabaki 2 na bodi imeshuka chini ya kiwango siku hiyohiyo. Kamati ya ukaguzi nayo inapwaya, kwa kuwa kanuni zinataka wakurugenzi huru wasiopungua 3 humo, mmoja wao akiwa na taaluma ya uhasibu au ukaguzi. Na hata kabla ya kufika huko, hao hao 3 ndio wanaotakiwa pia kwenye kamati ya uteuzi na ya malipo ya wakubwa. Makabrasha yanawazidi, na mkaguzi wa nje anaondoka kikaoni bila kuulizwa swali gumu hata moja.

Ndiyo maana theluthi naiona ndogo mno. Kanuni za Uingereza zinataka angalau nusu ya bodi, ukimtoa mwenyekiti, wawe huru. Kwa bodi yetu ya watu 9 hao ni 4. Mtu mmoja tu wa ziada, lakini anaipa kamati nafasi ya kupumua.

Kuna pia suala la kura, ambalo kanuni hazikulitatua. Mwenye asilimia 60 ya hisa humchagua mkurugenzi huru kwa kura zake peke yake, na chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 anaweza kumwondoa kwa azimio la kawaida, yaani linalopita kwa zaidi ya nusu ya kura. Mkurugenzi huyo anajua fika nani amemweka.

Utaratibu ni "tekeleza au eleza": kampuni ifuate kanuni, au iseme kwa nini haikuifuata. Maelezo halali yana sababu, hatua na muda wa kurekebisha. "Tunalifanyia kazi" si maelezo. Ukikuta hivyo, mwandikie katibu wa kampuni kabla ya mkutano mkuu, umuulize nani aliyempendekeza kila mkurugenzi huru na muda wake unaisha lini.