Studio ya picha Mafiati, Mbeya: nilipeleka picha ya mzee wangu wa Vita ya Kagera

Jamani naandika hii kwa sababu wenye wazee walioenda Uganda tupo wengi huku, na picha zao zinaozea kwenye masanduku.

Mzee wangu alitokea mgambo Tukuyu, mwaka 1978, baada ya nduli Idi Amin kuingia Kagera na Mwalimu kutangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Ana picha moja tu ya enzi hizo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, ilipigwa Bukoba kabla hawajavuka Mutukula. Wapo watatu, wameshikana mabega. Wa katikati hakurudi, walikuwa naye mpaka karibu na Masaka, na mzee akifika hapo huwa ananyamaza. Kampala ilivyoanguka tarehe 11 Aprili 1979 walikuwa wamebaki wawili. Rafiki yake amelala Kaboya, kule Muleba, na kutoka huku mpaka kule mzee hajawahi kufika kaburini, kwahiyo alichonacho ni hiyo picha. Imekaa kwenye Biblia miaka yote, imekunjwa, na mkunjo umepita kwenye shavu la huyohuyo wa katikati mpaka rangi imebanduka.

Nilianza sehemu nyingine mjini, siitaji jina. Waliipiga kwa simu wakaiingiza kwenye akili mnemba, dakika kumi tayari, inang'aa, rangi zote zipo. Mzee akaishika, akaisogeza dirishani, akaniuliza "huyu nani?" Sura ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na yeye mwenyewe kavalishwa medali tatu ambazo hajawahi kuwa nazo. Iliniuma aisee. Mtu kafa kijana mdogo kwa ajili yetu, halafu hata sura yake mnaibadilisha.

Ndo nikaelekezwa hii ya Mafiati, iko ghorofani. Fundi ni kijana tu ila alivyomwona mzee alisimama, "shikamoo afande", akamvutia kiti mbele ya kompyuta wakae wote. Akaikuza picha akawa anauliza kitu kimojakimoja, bereti ililalia upande gani, mkanda ulikuwa wa turubai au wa ngozi, hapa begani ni kivuli au ni kamba ya bunduki. Yaani mzee ambaye nyumbani habari za vita haongei alijibu yote, akafika mpaka kuelezea mizinga ya saba saba ilivyokuwa inalia usiku, mambo ambayo mimi mwanae nilikuwa sijawahi kuyasikia. Walipofika kwenye lile shavu fundi akasimamisha kazi. "Babu, hapa hakuna kilichobaki, nikijaza nitakuwa nabuni. Nipunguze tu huu weupe au niache?" Mzee akasema acha, huyo ndo mwenyewe.

Bei elfu 35 pamoja na fremu, saizi ya A4, siku tatu. Picha ya zamani wamenirudishia kwenye bahasha ngumu, haijaguswa hata kona. Nyuma ya ile mpya fundi aliandika majina yote matatu kwa kalamu, mzee akiyatamka polepole, la katikati likaanza.

Kasoro zipo. Fremu yao ni plastiki nyepesi, kibao cha nyuma kilichomoka siku ya pili, nikaenda kwa seremala akanichongea ya mninga. Na ngazi ni nyembamba mno kwa mzee mwenye magoti mabovu, sisi tulipanda kwa kupumzika mara mbili. Mkifika piga kelele kutoka chini, fundi anashuka kumshika mkono. Ila msitume picha kwa WhatsApp, nendeni na mzee mwenyewe, na nendeni asubuhi maana kwetu yale maswali yalichukua karibu masaa mawili na fundi hakumharakisha.

Sasa hivi ipo sebuleni juu ya tv. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mzee aliishusha akaishika mapajani mpaka gwaride likaisha.