Kituo cha masomo ya likizo cha fizikia mjini Tabora: maabara ya kusifiwa, ushauri wa kazi ulioishia njiani

Mzazi wa Tabora mwenye mtoto anayesoma tahasusi ya PCM, PCB au PGM, yaani michanganyiko ya masomo yenye fizikia ndani yake, ana sababu nzuri ya kukifikiria kituo ninachokieleza hapa, kilichoko si mbali na stesheni ya reli, ambacho hupokea wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaporudi nyumbani kwa likizo, na vilevile wale waliomaliza kidato cha sita na wanasubiri matokeo na udahili wa vyuo. Bango lao linaahidi ufaulu wa mtihani. Binti yangu amehudhuria likizo zake zote hapo, na kwa maoni yangu kinachotolewa ni cha thamani zaidi ya hicho kinachotangazwa: mwanafunzi anashika vifaa kwa mikono yake, anapima, anarudia kupima, kisha anaambiwa ni nani katika nchi hii analipwa mshahara kwa kufanya kazi ya namna hiyo. Sehemu ya kwanza wanaifanya vizuri sana. Ya pili wameianza vizuri bila kuikamilisha, na kwa kuwa ndiyo inayoamua mtoto ataandika nini kwenye fomu ya kuomba chuo, nitaieleza kwa kirefu.

Nianze na maabara. Chumba ni kidogo, na vifaa havizidi vile vinavyotakiwa katika mtihani wa vitendo: pendulamu, springi na mawe ya mizani, daraja la mita na potenshomita za vipimo vya umeme, lenzi, prizimu, kalorimita na vipimajoto. Uzuri wake uko katika namna vinavyotumiwa. Mwanafunzi hupewa uzi wa mita 1 na kitufe cha chuma, akaambiwa atafute muda wa mzunguko mmoja, ambao ni takriban sekunde 2. Akipima mzunguko mmoja tu, jibu lake hubadilika kila anaporudia, kwa sababu kidole chake huchelewa kuibonyeza saa. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini tunahesabu mizunguko 20 kisha tunagawanya, jambo ambalo wengi wetu tuliosoma zamani tulilikariri tu bila kuambiwa sababu.

Somo lililonivutia kuliko yote ni la maji ya kuchemka. Wanafunzi wote huingia darasani wakiamini kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kipimajoto husimama karibu na 96, na wengine hudhani kimeharibika. Mwalimu huwaacha wabishane mpaka mmoja wao akumbuke kwamba Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Kisha swali hugeuzwa kuelekea Kigoma: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na kila mita 10 za maji huongeza takriban kanieneo ya angahewa moja, je, chombo kitakachoteremshwa hadi kwenye sakafu ya ziwa kitabanwa na nguvu ya kiasi gani? Mtoto aliyekokotoa hesabu hiyo na kupata kanieneo karibu mara 147 ya hii tunayoishi nayo hahitaji kuhimizwa tena kwamba fizikia inahusu nchi yake.

Baada ya vitendo, mwalimu hutenga saa moja ya kuzungumzia kazi, na hapa pia kuna mengi ya kusifia. Alipofundisha kanieneo na joto fiche, yaani joto linalotumika kugeuza maji kuwa mvuke bila kupandisha kipimajoto, aliwaonyesha kwamba elimu hiyohiyo ndiyo mtaji wa mtaalamu wa hali ya hewa, na kwamba Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kiko Kigoma, mwisho wa reli yetu wenyewe, kwa yule ambaye angependa kuanzia ngazi ya astashahada au stashahada, ilhali anayetaka shahada ya fani hiyo huipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa vijana waliozoea kufikiri kwamba kila chuo cha maana kiko mashariki, kusikia kwamba njia inaweza pia kuelekea Uvinza na Kigoma kulikuwa na uzito wake. Alipofundisha mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, na transfoma, alizungumzia treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, zinazotumia waya wa juu wenye volti 25,000, akaeleza kwa nini volteji kubwa hupunguza umeme unaopotea njiani. Reli hiyo inajengwa kuja Tabora na kuendelea hadi Kigoma, kwa hiyo somo halikuhitaji kupambwa.

Udhaifu wa huduma hii ni kwamba mwalimu anataja kazi bila kutaja ngazi zinazoelekea huko. Mfano mzuri ni tiba ya mionzi. Wanafunzi waliambiwa, na ni kweli, kwamba Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Bugando ya Mwanza zinahitaji wanafizikia wa tiba, watu wanaokokotoa dozi ya mionzi kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine. Waliambiwa hata kwamba kobalti-60, chanzo cha mionzi katika baadhi ya mashine hizo, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi michache, hivyo muda wa kumtibu mgonjwa lazima ukokotolewe upya mara kwa mara. Ni maelezo mazuri ajabu. Hata hivyo hawakuambiwa kwamba shahada ya kwanza ya fizikia peke yake haimfikishi mtu kwenye kazi hiyo, na kwamba baada yake kwa kawaida huhitajika shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba pamoja na mafunzo ya vitendo hospitalini. Binti yangu alirudi nyumbani akidhani ni safari ya miaka mitatu.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linawagusa wengi. Katika mazungumzo ya kituo, fizikia na uhandisi huwekwa kapu moja, kana kwamba aliyesoma kimojawapo anaweza kufanya kazi ya mwingine. Shahada ya fizikia katika vyuo vyetu ni ya miaka mitatu na ya uhandisi ni ya miaka minne. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwasajili waliosoma uhandisi, wala mwenye shahada ya fizikia hawezi kujiita mhandisi kwa sababu tu amesoma elektroniki kwa kina. Vivyo hivyo kwa ualimu: anayetaka kufundisha sekondari achague mapema shahada ya sayansi pamoja na elimu, la sivyo atalazimika kurudi chuoni kusomea stashahada ya uzamili ya elimu. Kwa upande mwingine, shahada ya fizikia tupu ina milango yake ambayo haikutajwa kabisa: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, inayokagua mashine za eksirei hospitalini na kupima mionzi katika vyakula, maabara za vipimo na viwango, utafiti wa nishati ya jua, na kazi za programu na takwimu, ambako mtu aliyezoea kujenga modeli za hesabu hupokelewa vizuri. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kusikia milango inayofunguka na inayofungwa kwa kila kozi, kwa sababu mtoto akishadahiliwa si rahisi kurudi nyuma.

Kuhusu udahili wenyewe, maelezo yalikuwa sahihi na ya kutosha: kiwango cha chini cha jumla kwa shahada ni alama kuu mbili (principal pass) za kidato cha sita zenye pointi 4 kwa jumla, kila kozi ina masharti yake ya ziada katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, na mbali na Bodi ya Mikopo upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofaulu vizuri sana tahasusi za sayansi. Umeme ukikatika, vitendo vya mwanga huahirishwa na kufidiwa siku nyingine, na kwa uzoefu wangu ahadi hiyo hutimizwa. Ada ya likizo nzima hukaribia bei ya gunia la mkaa, na wanaolipa kwa awamu hawasumbuliwi. Nimeridhika pia kwamba wasichana hawaachiwi kazi ya kuandika tu huku wavulana wakishika vifaa; mwalimu huwabadilisha zamu mwenyewe.

Ninakipendekeza kituo hiki bila kusita kwa mwanafunzi wa kidato cha tano anayehitaji vitendo. Kwa aliyemaliza kidato cha sita na anayetafuta hasa ushauri wa kozi, ninapendekeza aende, lakini akiwa ameshausoma mwongozo wa udahili na kuandika maswali yake, kwani mwalimu hujibu kwa uaminifu kila anachoulizwa. Meza za maabara ni chache na nafasi hujaa mapema. Kabla ya kulipa, uliza ni wanafunzi wangapi watagawana seti moja ya vifaa, na wakizidi watatu omba awamu inayofuata.