Ununue Mchezo Upi wa Kurusha Roketi? Mwongozo kwa Wageni wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, sisi tunaocheza michezo ya kuigiza safari za anga za juu huku Nyanda za Juu Kusini hupata wageni, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa, na swali lao la kwanza huwa ni lile lile: ninunue upi? Karibuni sana. Mwongozo huu unapanga michezo mitano kwa kuangalia mambo matatu ambayo mnunuzi wa huku hawezi kuyapuuza, yaani uwezo wa kompyuta aliyonayo, bando litakaloliwa na upakuaji, na kiasi atakachojifunza kabla ya kukata tamaa. Jambo la tatu ndilo nililolipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu wageni wengi hatuwapotezi kwa kukosa fedha bali kwa kuanza na mchezo usiowafaa.

Nafasi ya kwanza naipa Kerbal Space Program, na nasema ule wa kwanza, si wa pili. Ulitengenezwa na kampuni ya Squad ya jijini Mexico, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2011, ukafikia toleo la 1.0 mwaka 2015, na toleo lake kubwa la mwisho, 1.12, likatoka mwaka 2021. Mtu anaweza kudhani kwamba mchezo usioendelezwa tena umekufa. Kwa mwenye intaneti ya kuhesabu, hiyo ni sifa: ukishapakua gigabaiti zake chache, hauombi tena masasisho kila wiki, na unachezwa bila mtandao hata ukiwa Makete au Ludewa.

Humo ndani unajenga roketi yako mwenyewe, tangi kwa tangi na injini kwa injini, kisha unairusha kutoka sayari ya kubuni iitwayo Kerbin. Nusukipenyo cha Kerbin ni kilomita 600, chini ya sehemu moja ya kumi ya kile cha Dunia, na angahewa lake linaishia kilomita 70 kwenda juu. Kwa sababu ya udogo huo, kasi ya kilomita 2.3 hivi kwa sekunde inatosha kukuweka kwenye obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka sayari bila kuanguka, ilhali katika Dunia yetu ingehitajika karibu kilomita 7.8. Roketi inakuwa rahisi kujengwa, lakini kanuni za mwendo zinabaki zile zile ambazo mwanafunzi wa kidato cha tano anazikuta kwenye mada za mwendo wa duara na uvutano. Hapa ndipo mgeni anapogundua, kwa kuanguka mara nyingi, kwamba obiti haipatikani kwa kupanda juu tu. Chombo kikipanda wima hadi kilomita 100 bila kasi ya kwenda upande, kitarudi chini kama jiwe. Inampasa aanze kukiinamisha kuelekea mashariki mapema, kikiwa kimelala kama nyuzi 45 kinapokaribia kilomita 10, na roketi nzima iwe na uwezo wa kubadili kasi yake kwa mita 3,400 hivi kwa sekunde. Uwezo huo wachezaji huuita delta-v, nalo ni neno utakalolisikia kwetu kila siku.

Anza na hali ya sayansi, ambayo inakupa vipuri vichache kwanza na kukufungulia vingine kadiri unavyofanya majaribio. Hali ya vipuri vyote wazi inavutia kwa macho, ila mgeni huishia kujenga dude la injini arobaini lisilonyanyuka.

Bei ya kawaida katika duka la Steam ni karibu dola 40, na siipendekezi. Subiri mauzo ya punguzo ya katikati ya mwaka au ya mwezi wa Desemba, ambapo bei hushuka sana, wakati mwingine hadi robo. Unaweza kulipa kwa kadi ya benki au kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu, lakini hakikisha kwanza kwamba salio linatosha kufidia tofauti ya kubadilisha shilingi kuwa dola. Steam hurudisha fedha ikiwa umeomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili, kwa hiyo tumia saa hizo kupima mashine yako kabla ya kufurahia chochote. Mchezo huu unauzwa pia katika duka la GOG. Nyongeza mbili za kulipia, Making History ya mwaka 2018 na Breaking Ground ya mwaka 2019, ziache kwa sasa. Nakala za bure zinazozunguka kwenye flashi madukani ziache moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi huja na virusi na haziendani na modi, yaani zile nyongeza ambazo wachezaji wenyewe hutengeneza.

Kuhusu mashine, watengenezaji walitaja RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4 kuwa kiwango cha chini. Kwa maoni yangu, usinunue kompyuta yenye chini ya gigabaiti 8 kwa kazi hii. Kinachouchosha mchezo huu ni hesabu za mwendo wa kila kipuri, na hesabu hizo hutegemea zaidi kasi ya prosesa kuliko kadi ya grafiki. Kwa hiyo kompyuta mpakato ya mtumba iliyokuwa ya ofisini, yenye prosesa nzuri, yaweza kuishinda ile yenye taa za rangi ambayo muuzaji anaisifia. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa taarifa za mfumo uone RAM na prosesa kwa macho yako, kisha chomoa chaja uiache iwake kwa muda. Betri inayokaa ni muhimu huku kwetu, hasa kwenye miezi ya masika yenye radi, na kitufe cha F5 kinachohifadhi safari yako kikitumika kila baada ya hatua kubwa, umeme ukikatika hutalazimika kurudia kutoka ardhini.

Sasa ile ya pili. Kerbal Space Program 2 ilianza kuuzwa Februari 2023 ikiwa haijakamilika, kwa karibu dola 50, na mwaka uliofuata studio iliyoitengeneza ikafungwa. Picha zake ni nzuri. Usiinunue.

Kwa asiye na kompyuta, na hao ndio wengi, nafasi ya pili inakwenda kwa Spaceflight Simulator ya simu. Inaonyesha ulimwengu kwa upande mmoja tu, kama mchoro wa ubaoni, na sayari zake zimepunguzwa ukubwa, lakini roketi unajenga mwenyewe na obiti unaipata kwa kanuni ile ile. Sehemu kuu ni ya bure. Vipuri vikubwa na sayari za ziada hulipiwa ndani ya mchezo. Ushauri wangu ni kwamba usilipie chochote mpaka umetua mwezini na kurudi kwa vipuri vya bure. Aliyefika hapo kwa simu huwa hatusumbuki naye tena anapohamia kwenye kompyuta.

Orbiter ni ya tatu, na najua wazee wa michezo hii watanipinga. Ni ya bure kabisa. Martin Schweiger aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na mwaka 2021 msimbo wake ukawekwa wazi kwa yeyote. Tofauti na Kerbal Space Program, ambayo wakati wowote huhesabu mvuto wa gimba moja tu, Orbiter huhesabu Jua, Dunia na Mwezi vikivutana kwa pamoja, tena kwa ukubwa wao halisi. Toleo la 2010 linakwenda hata kwenye kompyuta dhaifu yenye Windows. Toleo la 2016 lina picha za kina za sayari zinazofikia makumi ya gigabaiti, lakini hizo ni za hiari, na mtu wa bando azipite.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu haimwongozi mgeni hata kidogo. Hakuna alama wala zawadi, skrini zake zimejaa tarakimu, na injini ndogo za kugeuzia chombo huendeshwa kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, ambavyo kompyuta mpakato nyingi hazina. Lakini ukishajua obiti ni nini, hakuna mchezo utakaokupa raha ya aina hii: unaweza kukiweka chombo chako Mbeya penyewe, karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na kukirusha kuelekea mashariki. Mzunguko wa Dunia utakuwa umekupa bure mita 460 hivi kwa sekunde. Ni faida ile ile iliyowaleta Waitalia kwenye bahari ya Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kwa mwinamo wa nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo njia yake hupita juu ya latitudo yetu na unaweza kukifuata kutoka Mbeya, mradi usubiri saa ambayo Mbeya inapita chini ya njia hiyo.

Juno: New Origins, iliyokuwa ikiitwa SimpleRockets 2, ni ya nne. Ipo ya kompyuta na ya simu, vipuri vyake hurefushwa na kupanuliwa upendavyo, na ina lugha ya vipande vya kupanga iitwayo Vizzy ya kuiagiza roketi ijiendeshe. Anayesoma uandishi wa programu aipandishe hadi ya pili. Reentry ni ya mwisho kwa mgeni pekee: inaiga vyombo vya kwanza vya wanaanga wa Marekani, Mercury, Gemini na Apollo, swichi kwa swichi, na usipokuwa tayari kusoma kurasa nyingi za maelekezo ya Kiingereza, fedha yako italala.

Usinunue joistiki mwanzoni. Kipanya chenye gurudumu na, kwa watu wa Orbiter, kibodi ya namba ya kuchomeka vinatosha mpaka utakapounganisha vyombo viwili kwenye obiti. Ukikwama kabla ya hapo, tuulize bila haya, ila usiandike tu kwamba roketi inaanguka. Tuma picha yake nzima, taja idadi ya hatua zake, yaani sehemu zinazodondoshwa moja baada ya nyingine mafuta yake yakiisha, delta-v ya kila hatua, na kimo ulichofika ilipoanza kuyumba.