Vipimo Safi, Mgonjwa Bado Anaumwa: Maoni Kuhusu Kliniki Moja ya Dar es Salaam

Mgonjwa ambaye vipimo vyake vyote ni safi huzisumbua hospitali nyingi: huandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, hutibiwa taifodi, kisha huambiwa hana ugonjwa wowote, naye kwa kuwa anajua anaumwa, huhamia hospitali nyingine. Shangazi yangu alikuwa amezunguka hivyo kwa muda mrefu, akilalamikia moyo kwenda mbio, tumbo kujaa gesi na vidole kufa ganzi, hadi tulipompeleka katika kliniki moja ya binafsi ambako daktari wa magonjwa ya ndani na mwanasaikolojia hufanya kazi pamoja.

Kabla ya kuagiza kipimo kingine, daktari alisoma majibu yote ya zamani, karatasi moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Mama, moyo wako ni mzima, na hayo unayoyasikia si ya kujitungia." Akamwomba apumue kwa haraka kwa muda mfupi, na vidole vikaanza kufa ganzi palepale. Alimweleza kwamba mtu mwenye hofu huweza kupumua hivyo bila kujijua, kaboni daioksaidi ikapungua katika damu, na ganzi na kizunguzungu vikafuata. Shangazi, ambaye kwa kawaida hubishana na kila daktari, alinyamaza akivitazama vidole vyake.

Lililoniudhi ni dodoso la PHQ-15, linalouliza dalili 15 za mwili katika wiki 4 zilizopita. Muuguzi alilisoma kwa sauti nyuma ya pazia, watu wakiwa kwenye benchi upande wa pili, likiwemo swali la maumivu wakati wa tendo la ndoa. Kuanzia hapo shangazi alijibu "hapana" kwa kila kitu, kwa hiyo alama alizopata siziamini.

Ubora wa kliniki hii umo katika ratiba. Shangazi humwona daktari yuleyule kila baada ya wiki 5, awe na dalili au asiwe nazo, na kila mara hupimwa mwili, kwa sababu mwenye hofu naye anaweza kupata ugonjwa mwingine. Utaratibu wa namna hii, wa miadi ya kila wiki 4 hadi 6, ulijaribiwa Marekani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba gharama za matibabu zilipungua. Mgonjwa mwenye tarehe yake hahitaji kuzidiwa ndipo aonwe. Siku hizi moyo ukimdunda usiku, shangazi husema atamweleza daktari siku ikifika, badala ya kutuamsha tutafute teksi.

Bima yetu ililipia daktari peke yake. Mwanasaikolojia tulimlipa taslimu. Anayetaka kwenda apige simu kwanza, kwa kuwa mwanasaikolojia hapatikani kila siku, na aombe kujazia dodoso ndani ya chumba cha daktari.