Uzoefu Wangu wa Fiziotherapia: Maumivu Yaliisha Kabla Mguu Haujapona

Nimeteguka kifundo cha mguu wa kushoto mara tatu katika kipindi cha miaka minne, na kila mara nilitibiwa kwa namna tofauti. Mara ya kwanza sikwenda popote: nilifunga bandeji, nikachechemea kwa wiki mbili, kisha nikasahau. Mara ya pili nilikwenda kwenye kliniki moja ambako nililazwa kitandani kwa vipindi kumi, nikabandikwa vipande vya umeme vinavyotekenya ngozi na kuwashiwa taa ya joto, na katika vipindi vyote hivyo hakuna hata mmoja aliyeniomba nisimame nitembee ili aone ninakanyagaje. Mara ya tatu nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia ambaye hakunilaza kabisa, na tathmini hii inahusu miezi minne niliyokuwa chini ya uangalizi wake.

Ajali yenyewe haikuwa ya kishujaa. Nilikuwa nashuka ngazi nimebeba sanduku lililonizuia kuona miguu yangu, nikadhani nimefika sakafuni kumbe kilikuwa kimebaki kidato kimoja. Wayo uligeukia ndani, nikasikia mlio kama wa uzi mnene unaokatika, na kabla ya saa moja kwisha kifundo kilikuwa kimevimba kiasi cha kuimeza ile nundu ya mfupa iliyo upande wa nje.

Kipindi cha kwanza kilichukua karibu saa nzima, na nusu yake iliishia kwenye maswali: nilianguka vipi, niliweza kusimama baada ya hapo, nimewahi kuteguka mguu huohuo, kazi yangu ni ya kukaa au ya kusimama, usiku ninalala? Baada ya hapo mtaalamu alibonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa nundu zote mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, kuanzia ncha ya chini hadi kiasi cha sentimita 6 kwenda juu. Akabonyeza mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo na mwingine ulio upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Halafu akaniomba nijaribu kutembea hatua 4. Nilizitembea kwa kuchechemea, akasema kuchechemea nako ni kutembea. Hizo huitwa kanuni za Ottawa, ambazo kundi la watafiti wa Kanada likiongozwa na daktari Ian Stiell lilizichapisha mwaka 1992 ili kusaidia kuamua ni nani aliyeteguka anayehitaji picha ya eksirei na ni nani asiyeihitaji. Kwa kuwa mifupa haikuuma ilipobonyezwa na hatua 4 nilizimudu, niliambiwa kwamba sihitaji picha.

Nakiri kwamba nilinuna. Nilikuwa nimekwenda nikitarajia kupigwa picha, na mtu anapokuwa na maumivu hupenda kuonyeshwa kitu cheusi na cheupe cha kuyathibitisha. Nilielezwa kwa upole kwamba eksirei ingenionyesha mifupa mizima tu, kwa sababu kilichoumia kilikuwa kano, na kano hazionekani katika picha hiyo. Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazoushika mfupa wa nje wa mguu usiachane na mifupa ya wayo, na mtu akiteguka kwa wayo kugeukia ndani, ile ya mbele ndiyo ambayo kwa kawaida huumia kwanza.

Ndipo vikaja vipimo. Mtaalamu alilaza futi ya kupimia sakafuni, ikianzia ukutani, akanitaka niweke wayo juu yake na nipige goti hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha akawa ananirudisha nyuma kidogo kidogo. Mguu mzima ulifika sentimita 11 kutoka ukutani. Ule ulioteguka ulikwama kwenye sentimita 4. Vipimo vingine viwili vilisubiri hadi uvimbe ulipopungua, mwishoni mwa wiki ya tatu. Kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimefumba macho: sekunde 24 kwa mguu wa kulia, sekunde 3 kwa wa kushoto. Kuinua kisigino nikisimama kwa mguu mmoja: mara 27 kwa kulia, mara 9 kwa kushoto. Aliandika namba hizo kwenye daftari dogo, akanikabidhi, akaniagiza nisilisahau nyumbani hata siku moja. Wakati huo niliona kama mambo ya shule. Sasa naona kwamba daftari lile ndilo jambo la thamani kubwa kuliko yote niliyoyapata kwenye huduma hii, na sababu yake ni kilichotokea katika wiki hiyohiyo ya tatu.

Lakini kwanza nieleze namna maumivu yenyewe yalivyoshughulikiwa. Nilidhani fiziotherapia ni kukandwa, na nilikandwa kweli, ila kwa dakika chache tu mwanzoni mwa kila kipindi, ili kifundo kilegee kabla ya kazi. Kazi ilikuwa yangu. Siku za mwanzo niliagizwa kuinua mguu juu ya mto, kuufunga bandeji ya kubana kiasi, na kuchora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kuanzia A hadi Z, mara kadhaa kwa siku. Niliuliza kuhusu barafu, kwa kuwa kila mtu huipendekeza. Nikajibiwa kwamba ile kanuni maarufu ya kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua ilitolewa na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978, na kwamba mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kuwa barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo niliruhusiwa kutumia barafu kwa muda mfupi pale maumivu yanapozidi, lakini si kuigeuza kuwa tiba.

Mapumziko kamili ndiyo yaliyopigwa marufuku hasa. Nilifundishwa kuyapa maumivu namba kutoka 0 hadi 10, na masharti yalikuwa mawili: wakati wa zoezi yasizidi 4, na asubuhi ya pili yawe yamerudi pale yalipokuwa kabla ya zoezi. Yakitimia yote mawili, ninaendelea; sharti la pili likivunjika, ninapunguza. Mtu asiyewahi kuteguka ataona jambo hili ni dogo. Kwangu lilibadilisha kila kitu, maana hadi siku hiyo nilikuwa nikichukulia kila mchomo kuwa ni dalili kwamba ninazidi kujiumiza. Wataalamu wa maumivu duniani, kupitia chama chao cha kimataifa cha IASP, waliboresha fasili ya maumivu mwaka 2020, wakaeleza kwamba ni tajiriba isiyopendeza ya hisia na mhemko inayohusiana na uharibifu wa mwili, uwe umetokea au unaelekea kutokea, au inayofanana na ile inayohusiana na uharibifu huo. Maneno hayo ya "inayofanana" ndiyo aliyoyakazia mtaalamu wangu: mwili unaweza kuuma mahali ambapo hakuna kinachoharibika. Akaongeza, bila mimi kumtilia maanani wakati huo, kwamba kinyume chake nacho hutokea, yaani mahali pakaacha kuuma na bado pakawa hapajapona.

Wiki ya tatu maumivu yaliondoka. Nilikuwa nikitembea bila kuchechemea, ngazi nilipanda na kushuka, na asubuhi moja niligundua kwamba nimevaa viatu bila hata kukumbuka mguu upi ni mbovu. Nilikwenda kwenye kipindi kilichofuata nikiwa na hotuba ya kuaga. Mtaalamu alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Hongera. Sasa vua kiatu, simama kwa mguu huo, ufumbe macho." Hapo ndipo nilipopata zile sekunde 3, nikadaka ukuta kwa mikono miwili.

Maelezo yake ni haya, na nayaandika kwa kirefu kwa sababu naamini ndiyo yanayowakosesha watu wengi matunda ya tiba. Ndani ya kano mna miisho ya neva inayoujulisha ubongo, hata gizani, kifundo kimekaa vipi. Kano inapochanika, taarifa hizo huvurugika, na misuli ya upande wa nje wa mguu huchelewa kuitikia wayo unapoanza kupinduka. Michael Freeman, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Uingereza, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1965 akiwaelezea wagonjwa ambao kifundo chao huendelea "kuwaacha" baada ya kuteguka, na akapendekeza wafundishwe upya kusawazisha mwili. Maumivu yangu yalikuwa yameisha mara ya kwanza, na mara ya pili vilevile. Mara zote mbili nilichukulia kimya hicho kuwa ni uponaji, nikaondoka na kifundo kisichojua kilipo. Haishangazi kwamba kilirudi kupinduka.

Kwa hiyo miezi mitatu iliyofuata haikuwa ya maumivu tena bali ya kazi, na kazi yenyewe, nisiwafiche, inachosha. Kusukuma wayo nje dhidi ya mpira wa kuvuta, seti tatu za mara 15. Kuinua kisigino, kwanza kwa miguu yote miwili, kisha kwa mmoja, kisha kwa mmoja nikiwa nimebeba begi. Kusimama juu ya mto laini huku nikirusha na kudaka mpira mdogo. Kushuka kidato kimoja polepole hadi kisigino cha mguu wa pili kiguse sakafu kama karatasi inavyotua. Mwishoni kurukaruka kwa mguu mmoja, mbele, nyuma na pembeni. Kila wiki mbili tulipima upya, na siku ambazo nilijiona sijasogea, daftari lilinikanusha: sekunde 3 zikawa 8, zikawa 13.

Wiki ya saba niliharibu. Nilijisikia vizuri, nikaamua mwenyewe kukimbia kwa dakika 40 badala ya zile 5 nilizopangiwa, na kesho yake kifundo kikavimba tena. Nilikwenda nikitarajia karipio na amri ya kupumzika. Sikupewa hata kimoja. Mazoezi yalipunguzwa nusu kwa siku tatu, hayakusimamishwa, kisha yakapandishwa taratibu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mtaalamu huyu ni nini hasa. Mazoezi yenyewe hayana siri, mtu anaweza kuyaona popote. Kinachohitaji ujuzi ni kujua kiasi, lini kuongeza, lini kupunguza, na kwa nini kusiachwe kabisa.

Yapo yasiyonipendeza. Karatasi ya mazoezi niliyopewa ilikuwa na michoro ya vijitu vyenye mishale isiyoeleweka, na kwa wiki nzima nilikuwa nikisukuma wayo ndani badala ya nje hadi nilipokaguliwa. Mtaalamu wangu alipokuwa likizo, nilipokelewa na mwingine ambaye hakuwa amesoma faili, nikasimulia upya kuanzia sanduku na ngazi, naye akanipa mazoezi yanayopishana na ya mwenzake. Vipindi vya mwisho navyo viliachana mno. Wiki tatu bila kukaguliwa ni nyingi kwa mtu mvivu kama mimi, na kuna siku niliandika daftarini kwamba nimefanya mazoezi ilhali nilifanya nusu. Yeyote anayefikiria kuanza tiba hii ajue kwamba sehemu kubwa yake itafanyika nyumbani bila shahidi.

Nitoe tahadhari moja, kwa kuwa si kila mguu unaouma ni wa kupelekwa kwenye mazoezi. Mguu uliopinda umbo, usioweza kukanyagwa kabisa, uliokufa ganzi au kuwa wa baridi na kupauka, au shavu la mguu lililovimba likawa la moto na kuuma siku kadhaa baada ya ajali, humhitaji daktari kwanza, tena upesi. Mtaalamu wangu aliniuliza mambo hayo yote siku ya kwanza kabla ya kunigusa, na kwa maoni yangu asiyeyauliza asiaminiwe.

Kipindi cha mwisho tulirudia vipimo vyote. Goti liligusa ukuta kwa sentimita 10 na nusu. Kisigino kiliinuka mara 25. Kusimama kwa macho yaliyofumbwa kulifika sekunde 19, bado pungufu ya mguu wa kulia, na mtaalamu hakuyazungushia maneno: aliandika 19, akapiga mstari chini yake, akasema faili analifunga ila hesabu hiyo ananiachia mimi. Ninaimalizia kila asubuhi ninapopiga mswaki, nikisimama kwa mguu wa kushoto, mkono mmoja karibu na ukuta. Jana nilifika 22.