Kochi na Alappuzha kwa siku moja: boti inafaa, mji unapunjwa

Ziara hii huuzwa kama kitu kimoja: asubuhi mji mkongwe wa Fort Kochi, mchana boti-nyumba ya Alappuzha, jioni umerudi hotelini. Kwenye ramani ya Kerala, kusini mwa India, miji hiyo imeachana kilomita 50 na ushei tu. Barabarani hesabu saa moja na nusu kwenda. Kurudi jioni, zaidi.

Ziara inakwama kwenye saa. Boti za mchana hung'oa nanga gati la Punnamada, Alappuzha, kati ya saa tano na saa sita. Sinagogi la Paradesi (1568), mtaa wa Mattancherry huko Kochi, hufunguliwa saa nne. Ukilisubiri, boti umeichelewa, na muda huo haufidiwi: saa kumi na moja na nusu jioni boti zote lazima ziwe zimefunga, kwani usiku ziwa Vembanad ni la wavuvi na nyavu zao. Kwa hiyo madereva wengi huiruka Mattancherry kimyakimya. Uliza kabla ya kulipa. Ijumaa kasri la Mattancherry limefungwa, Jumamosi sinagogi.

Kinachowezekana ni kufika ufukweni Fort Kochi saa moja asubuhi. Nyavu za Kichina, zile zinazoinuliwa kwa magogo na mawe ya kusawazisha uzito, hazina mlango wa kufungwa. Ukialikwa kuvuta kamba, bakshishi inangojewa. Hatua chache kutoka hapo ni Kanisa la Mtakatifu Fransisko, alikozikwa Vasco da Gama mwaka 1524 kabla mifupa yake haijapelekwa Lisbon. Ndiyo, yuleyule wa nguzo ya Malindi.

Boti yenyewe, kettuvallam, ilikuwa ya kubeba mpunga. Mbao za mti wa anjili hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, kama mtepe wa Lamu, kisha hupakwa utomvu mweusi wa korosho. Siku hizi juu yake kuna vyumba, jiko na injini ya dizeli. Kaa mbele, karibu na nahodha. Nyuma utakula moshi na kelele. Kiyoyozi kwenye boti za bei nafuu huwashwa usiku tu, hivyo mchana usikilipie. Chakula cha mchana huliwa boti imefungwa kando ya shamba, karibu saa nzima, kwa hiyo safari ya muda wa saa tano kwa kweli ni ya muda wa saa nne. Wali, sambar (mchuzi wa dengu) na mboga vimo kwenye bei. Samaki wa karimeen, aliyepakwa viungo, akafungwa kwenye jani la mgomba na kukaangwa, mara nyingi hulipiwa mbali. Kubalianeni bei kabla hajaingia jikoni.

Kasoro kubwa ni upana: boti-nyumba haipiti mifereji myembamba ya eneo la Kuttanad, na huko ndiko uhai ulipo, mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari, watu wakifua mlangoni. Kwa watu wawili hadi wanne, shikara (boti ndogo yenye paa) ya muda wa saa tatu inapenya humo, ni nafuu, na inabakisha muda wa Mattancherry baada ya saa nne. Mwenye pesa kidogo apande feri ya serikali ya Alappuzha–Kottayam, safari ya muda wa saa mbili na nusu kwa nauli ya basi.

Nenda Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi. Kuanzia Juni kusi huleta mvua, na ziwani huoni ng'ambo.