Filamu ya harusi ya mdogo wangu, Mji wa Kale, Mombasa

Kazi ni nzuri, na shilingi 95,000 tulizolipa kwa filamu na albamu moja hazikupotea. Naanza na hilo kwa sababu mwenye harusi anayesoma hapa anataka kulijua kwanza. Waliotufanyia ni wanawake wawili wa hapa hapa Mombasa, mmoja wa picha na mwingine wa video. Hawana bango wala ofisi. Kazi yao hupita mdomo kwa mdomo, harusi hadi harusi, na wenyewe wanapenda iendelee hivyo, kwa hiyo majina yao siyaandiki.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Kila siku nawaeleza wanafunzi jinsi mtunzi anavyomshika msomaji: aanzie wapi, arudie nini, afiche nini, lipi aliache lisemwe na kimya. Filamu za harusi nimetazama nyingi, na nyingi hazina mtunzi. Zina magari yaliyopambwa, keki, viti vya ukumbini, bwana harusi akifunga saa mkononi kwa mwendo wa polepole, na wimbo mmoja wa mapenzi uliomwagwa juu ya yote. Ukibadilisha sura za maharusi, ya Nyali itakuwa ya Nairobi, na ya Nairobi itakuwa ya Dubai. Hii yetu ina hoja. Inasema kwamba binti huyu amelelewa na mikono ya wanawake hawa, na kila picha iliyomo imewekwa kuitetea kauli hiyo.

Hoja hiyo ilianzia kwenye swali. Siku waliyokuja nyumbani kupanga kazi walimwamkia mama, wakaketi mkekani, na kabla hawajauliza rangi ya mapambo wala idadi ya wageni, yule wa video akasema: "Mama, filamu hii nani ataitazama zaidi?" Mama hakufikiri. Akamtaja mama yake, nyanya yetu, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka ngazi za nyumba yake, na tulikwisha kujua kwamba harusini hatafika. Tangu hapo kazi ikawa na msikilizaji. Aliyewahi kuandika barua anaijua nafuu ya kumwandikia mtu mmoja unayemjua: unajua pa kueleza na pa kupita. Filamu haina haraka mahali ambapo nyanya angependa kukaa, na haikawii ukumbini, ambako hana mtu wa kumtafuta.

Picha ya kwanza ni leso, yaani kanga. Siyo uso wa biharusi, wala Fort Jesus ikionekana kutoka angani. Ni leso ya mama iliyonunuliwa Biashara Street kwa Mali ya Abdulla, duka linalouza leso mjini humu tangu 1887. Kamera iko karibu sana, hata huelewi unachokitazama. Inapita kwenye pindo, inavuka mji, yaani sehemu ya katikati, inafika kwenye jina, maandishi ya leso, na kulisoma pole pole, neno kwa neno: MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Halafu kitambaa kinatikisika, kamera inarudi nyuma, na tunaona kwamba leso imefungwa kiunoni mwa mama mwenyewe, ameinama anachagua mchele. Hakuna mtangazaji, hakuna maandishi ya dhahabu yenye majina ya maharusi. Kwa picha hiyo moja tumeshajua habari ni ya nani na ombi lake ni lipi.

Leso ile inarudi mara mbili zaidi. Mama alimpa mdogo wangu usiku wa kuamkia nikaha, jambo ambalo hatukumwambia mpiga picha yeyote kwa kuwa hatukuliona kuwa la kupigwa picha. Wao waliliona. Ndivyo leso inavyotokea tena mapajani mwa biharusi, na mara ya mwisho mabegani mwa nyanya, siku maharusi walipokwenda kumsalimia. Takriri nzuri ni hiyo: kitu ni kilekile, lakini kila kinaporudi kimebeba zaidi.

Usiku wa kupamba ulikuwa mtihani. Wanawake wako bila buibui, nywele wazi, na simu zote zimeachwa kapuni mlangoni. Mpiga picha mwanamume hakanyagi hapo, na hata mwanamke mwenye kamera hutazamwa kwa hofu, maana sote tumesikia ya mtu ambaye picha yake ilitoka usiku kama huo ikazunguka WhatsApp hadi ikamfikia mumewe. Hawa walitengeneza nakala mbili. Ya wanawake ina kila kitu. Mama alikabidhiwa mkononi katika flashi moja, akaifungua kuhakikisha, na mafaili yakafutwa kwenye kompyuta yao mbele ya macho yake. Nakala ya wote, ambayo hata wanaume wanaitazama, inasimulia usiku ule mzima bila uso hata mmoja. Unaona mkono wa mchoraji ukivuta mstari wa piko, rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole. Unaona miguu ikicheza mkekani, asumini zikitungwa, moshi wa udi ukipanda kutoka kwenye chetezo na kupotea ndani ya nguo inayofukizwa. Unasikia pembe za vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, na vigelegele. Darasani tunaita mdokezo: kusema kwa kuacha. Baba alipofika hapo alicheka peke yake. Alikuwa amemtambua dada yake kwa kigelegele tu.

Lakini niliyoirudia kuitazama kuliko zote ni sehemu ya idhini. Kwetu, kabla ya nikaha kusomwa msikitini, baba huja kwa binti kumuuliza kama ameridhia kuozwa na mtu huyu kwa mahari haya. Ni jambo la dakika chache, na wapiga video wengi hulipita, kwani hakuna mapambo wala taa, ni chumba cha kulala kilichojaa watu. Yule wa video alijibanza pembeni mwa kabati akaiacha kamera imesimama mahali pamoja. Hakuvuta karibu. Tunawaona wote kwa mbali kidogo: baba amesimama, mashahidi wawili wako mlangoni wanatazama chini, mdogo wangu amejitanda mtandio hadi usoni, leso imekunjwa mapajani. Baba anauliza. Kimya. Baba anainua mkono, anaiweka sawa kofia yake ambayo ilikuwa sawa, anauteremsha mkono. Anauliza tena. Jibu linatoka dogo mno, na tunalisikia tu kwa sababu baba alikuwa amevalishwa maiki ndogo ndani ya kanzu. Hakuna muziki hata chembe. Mkono ule wa kofia, baba mwenyewe hakujua kama aliuinua mpaka alipouona.

Kisha sauti inaitangulia picha. Tukiwa bado chumbani tunaanza kusikia khutba. Tunamsikia baba akitamka "nimekuoza" na shemeji akijibu "nimekubali kumuoa", huku macho yetu yakiwa kwenye vidole vya mdogo wangu vinavyokunja na kukunjua ncha ya leso. Siku yenyewe wanaume walikuwa msikitini na wanawake nyumbani. Hakuna aliyeziona pande zote mbili. Filamu ndiyo iliyozikutanisha. Msikitini walimtuma kijana wao wa kiume, na nilipouliza kama vidole vile ni vya wakati uleule wa nikaha, walinifungulia mafaili nikaona saa zake. Zinalingana.

Niliuliza kwa sababu mahali pengine hazikulingana. Katika rasimu waliyotuletea kwanza, biharusi anatoka nyumbani, anaingia garini, mlango wa gari unafungwa; halafu unakuja uso wa mama akitazama mlangoni, macho yamelowa. Kila aliyeketi sebuleni alilia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mama uso ule ulipopigwa. Ilikuwa asubuhi, saa nyingi kabla. Alikuwa akitazama mlango kwa sababu sinia za kupakulia biriani zilikuwa hazijafika, na macho yalilowa kwa moshi wa kuni.

Ufundi huu ni wa zamani. Mrusi Lev Kuleshov, karibu miaka mia moja iliyopita, alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha kitu, akaupanga na bakuli la supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, na wakausifu uigizaji. Macho yetu huunganisha vilivyowekwa jirani. Kwa mtunzi wa filamu ya hadithi hilo ni haki yake kabisa. Ila huyu ni mama yangu.

Mwenye kazi alijitetea kwa adabu. "Mwalimu, huzuni ilikuwa ya kweli. Saa tu ndiyo imehama." Nililipima neno lake na sikulidharau, kwa sababu nami huwafundisha watoto kwamba ukweli wa fasihi si sawa na ukweli wa kumbukumbu za mkutano. Lakini filamu ya harusi itabaki baada ya mama kuondoka, na wajukuu watasema: hivi ndivyo nyanya alivyotazama siku ile. Mwenye kamera ana ruhusa ya kuchagua, kupanga, kurudia na kunyamaza. Kumpa mtu uso ambao hakuwa nao saa ile, ruhusa hiyo hana. Nikawaomba wautoe.

Wakautoa, tena bila kununa, wakarudi kwenye mafaili kutafuta mama alikuwa wapi gari lilipoondoka. Wakampata. Yuko nyuma ya umati, ameupa mlango mgongo, anakusanya vikombe vya kahawa kuvipanga kwenye sinia huku watu wote wakipunga mikono nje. Basi, ni huyo mama. Hajawahi kuweza kutazama mtu akiondoka. Hakuna aliyelia kama mara ya kwanza, lakini nyanya alipoletewa filamu aliinyooshea kidole skrini na kusema, "Mwanangu huyo."

Jingine nililowarudisha ni rangi. Katika picha za kwanza za albamu mdogo wangu alikuwa mweupe kuliko alivyo, amesafishwa kwa programu hadi piko ya mkononi ikaanza kupauka pamoja na ngozi. Walisema wateja wengi huomba hivyo. Sisi hatukuomba, na naona ni vibaya lifanyike bila kuulizwa: albamu nzima inasema binti amefanana na waliomzaa, halafu rangi inakana. Walizirudishia rangi yake bila kutoza cha ziada. Wewe liseme hilo mapema, kabla hata ya kulipa kianzio.

Albamu ilipokamilika ilinishangaza kwa mpangilio. Picha hazikufuata saa. Kurasa mbili zinazotazamana zimewekwa zizungumze: kushoto mkono wa nyanya wenye mishipa iliyosimama, kulia mkono wa biharusi wenye piko, yote miwili imelala juu ya kitambaa kwa namna moja. Ukurasa wa mbele yake ni baba na shemeji wameshikana mikono mbele ya sheikh. Kurasa hizo hazina maelezo, na hayahitajiki.

Drone hawakurusha. Kwa sheria ya Kenya chombo hicho kinataka usajili na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na wao hawana. Wakatuambia wazi badala ya kuiba dakika mbili juu ya mapaa ya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Sikuikosa.

Nina malalamiko mawili. Kazi tuliahidiwa kabla ya Ramadhani ikaja baada ya Idi, na katika kungoja huko simu zetu hazikuwa zikipokewa kila mara. Kama una ndugu anayesafiri kurudi Muscat au London na unataka aondoke na nakala, weka tarehe kwenye maandishi. La pili linaniuma zaidi: baada ya uangalifu wote ule wa sauti, kwenye dakika za mwisho walitandaza muziki wa kununua mtandaoni, piano na fidla, juu ya kina mama wanaoimba. Mdomo wa shangazi unaonekana ukitamka ubeti, na ubeti hatuusikii. Nyimbo za vugo za mtaa wetu zinajulikana na wanawake wachache, na umri wao mkubwa. Muziki ule ungeweza kuwekwa kwenye harusi yoyote duniani.

Kwa harusi ya ukumbini yenye wageni mia nane na itifaki ndefu, watu wawili hawatoshi, nami ningetafuta timu kubwa zaidi. Kwa harusi ya nyumbani, hasa yenye usiku wa wanawake, sijaona wanaowafikia. Kaka yetu wa mwisho anaoa baada ya Maulidi na tumeshawawekea kianzio. Safari hii tumeandika kwenye karatasi kwamba vugo irekodiwe yote, mwanzo hadi mwisho, na isiwekewe kitu juu yake.